Azalea Haifi kwa Jua la Mwanza, Inafia Mizizini

Hotuba kwa wapenda bustani waliokutana jijini Mwanza. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa. Maneno yapo yote, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.

Mwangaluka! Mama zangu, baba zangu, shikamooni. Vijana wa vitalu vya maua, habari za asubuhi.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kununua azalea, kile kichaka cha maua? Inueni mikono, msione haya. Ni wengi. Sasa wale ambao azalea zao zingali hai baada ya mwaka mmoja, acheni mikono juu. Wengine shusheni.

Mmeona wenyewe.

Ukimuuliza kila aliyeshusha mkono, jibu utalikuta mdomoni: jua la Mwanza. Au joto. Au mawe yetu haya. Leo nimekuja kuwa wakili wa jua na mawe. Azalea haifi kwa jua la Mwanza. Inafia mizizini. Inafia kwenye chokaa, inafia kwenye shimo refu, inafia kwenye maji yaliyotuama. Jua linakuja mwishoni kumalizia tu, halafu lawama zote tunalitupia.

Tumjue kwanza mgeni wetu. Azalea ni za jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo mmoja, ya rododendroni. Jenasi hiyo ina mamia ya spishi huko Asia, na nyingine Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika haina hata moja ya asili. Hata moja! Kwa hiyo msisumbuke kumtafutia jina la Kisukuma. Jamaa yake wa karibu tuliye naye ni erika, ule mmea wa majani membamba unaoota Kilimanjaro juu ya msitu, penye ukungu na baridi. Na tafadhali msimchanganye na waridi la jangwani, lile lenye shina lililovimba kama kibuyu, ambalo wengine huliita azalea ya bandia. Lile linataka jua kali na udongo mkavu. Wawili hawa ukiwamwagilia sawasawa, mmoja lazima umzike.

Sasa sikilizeni habari ya mlima. Mwaka 1918 mkusanyaji wa mimea, Mwingereza Ernest Henry Wilson, akiitumikia bustani ya miti ya Arnold iliyoko Boston, alifika mji wa Kurume katika kisiwa cha Kyushu, Japani. Akakuta wenyeji wamezalisha azalea ndogo ndogo za majani ya kudumu, aina kwa mamia, kazi ya vizazi. Akachagua aina 50 zikapelekwa Marekani, na mpaka leo watunza bustani wanazijua kama hamsini za Wilson. Wilson mwenyewe aliandika kwamba chimbuko lake ni mlima Kirishima. Na Kirishima ni nini? Ni mlima wa volkano. Mvua nyingi imeosha chokaa yote, udongo ni mwepesi na mchachu, juu yake kuna tandiko la majani yaliyooza, na maji hayasimami, yanapita.

Shikeni mambo hayo: uchachu, wepesi, tandiko la majani, maji yanayopita. Mtu akiwapa siri nyingine ya azalea, mwambieni mmeshapewa.

Hapa lazima nigusie lebo, kwa sababu vijana wa vitalu wananiuliza sana. Mnaona kwenye simu azalea zimeandikwa kuwa zinahimili baridi kali, mnadhani ndizo imara kuliko zote. Ni kweli ni imara, lakini kwa vita vya kwao. Pale Stewartstown, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mzalishaji wa mimea Joseph Gable alichanganya azalea za Korea na za Japani apate zile zitakazovuka majira ya barafu, nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Kule adui ni baridi inayoingia ghafla kabla mmea haujajiandaa, gome la shina likapasuka chini kabisa, usawa wa ardhi. Wewe wa Nyakato hilo litakukuta lini? Kuchagua azalea ya Mwanza kwa sifa ya kuhimili baridi ni sawa na kununua koti la sufu ukalivae Mwaloni saa saba mchana.

Tena lina hasara. Matumba ya azalea hujiunda wakati wa joto, kisha hulala. Ili yaamke pamoja na kufunguka yote, yanahitaji wiki kadhaa za ubaridi, kama nyuzi 4 hadi 10. Sisi usiku wa Juni na Julai tunajikunyata, tunatoa masweta, na kumbe kipimajoto kinasoma nyuzi 15 au 16. Aina za baridi kali hapo hazijasikia kitu. Zitatoa majani mazuri na maua ya kuokoteza: tawi hili leo, lile mwezi ujao.

Kwa hiyo tafuteni zile zinazouzwa kwa ajili ya vyungu vya ndani, zilizotokana na Rhododendron simsii ya China. Ndizo walizozilea Wabelgiji wa mji wa Gent, na biashara imezoea kuziita za Kihindi ingawa India siyo kwao. Hizo zinavumilia joto zaidi. Hata hizo nawaambia ukweli: maua ya mwaka wa kwanza, yale ya kufunika majani yote, yametokana na ubaridi ziliopewa kitaluni. Miaka inayofuata yatakuwa machache. Anayetaka kichaka chekundu kila siku bila kujisumbua, apande iksora, udongo wake ni ule ule. Mwenye shangazi Lushoto, ampelekee azalea kule aende akaitembelee.

Aliyebaki kitini, tuendelee. Udongo.

Mwanza nzima hakuna shamba la chai. Mmewahi kujiuliza kwa nini? Vukeni ziwa mwende Bukoba, chai ipo. Nendeni Mufindi, Rungwe, Usambara, chai ipo. Chai inataka mvua nyingi na udongo mchachu, pH (kile kipimo ambacho namba ikishuka uchachu umezidi) ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Azalea inataka hiyo hiyo, na ikizidi sana iishie 6. Basi panapostawi chai, azalea hujisikia nyumbani. Pasipostawi chai, utamtengenezea chumba chake mwenyewe.

Wasukuma wana majina ya udongo kuliko maabara. Luseni, ule mchanga wa mlimani uliomomonyoka kutoka kwenye mawe yetu ya granite, una afadhali: unapitisha maji na hauna chokaa nyingi. Ila hauna mboji, na maji yanaupita kama hayakuja. Mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, msijaribu. Mwingi una chokaa, na ukilowa hauna pumzi. Kwenye mbuga hata ukichimba shimo ukalijaza udongo mzuri umetengeneza ndoo: maji yanaingia, hayatoki.

Lakini adui mkubwa kuliko mbuga tunamleta wenyewe, naye ni saruji. Fikirieni mama amemaliza kujenga Buswelu. Ukuta umepigwa lipu, umepakwa chokaa, unang'aa. Anataka maua mstari mzima chini ya ukuta. Anapanda azalea sita. Mwezi wa kwanza furaha. Mwezi wa tatu majani machanga ya nchani yanatoka na rangi ya limau, ila mishipa imebaki kijani, kama ramani ya mito iliyochorwa kwa kalamu ya kijani kwenye karatasi ya njano. Anasema zina njaa. Anaweka mbolea ya CAN. Yanazidi. Anaweka majivu ya jikoni, maana bibi alimwambia majivu ni dawa. Yanakuwa meupe, kingo zinaungua, zinakufa kwa mpangilio, moja baada ya nyingine.

Tumwambie nini? Chini ya ule ukuta mafundi walimwaga mabaki ya zege na lipu, na kila mvua inaosha chokaa ya ukutani kuipeleka mizizini. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yamo udongoni lakini yamefungiwa kabatini, ufunguo anao chokaa. Mmea hauwezi kutengeneza ukijani. CAN ina kalsiamu, akaongeza chokaa juu ya chokaa. Majivu ndiyo kabisa. Mbolea ya kuku wa mayai nayo vile vile, kwa sababu kuku wale wanalishwa chokaa ili ganda liwe gumu.

Mjue kutofautisha njano hizi. Jani changa la juu, njano yenye mishipa ya kijani: chuma, yaani chokaa imezidi. Jani kuukuu la ndani, la chini, linageuka njano lote na kuanguka: mara nyingi ni kawaida. Azalea inaitwa ya majani ya kudumu, lakini kila jani lina zamu yake, na yale ya mwanzo wa msimu hudondoka. Kwa hilo usiinunulie mbolea.

Kwa hiyo kaeni mbali na ukuta, mita moja na nusu angalau. Na hivi vyungu vya saruji vinavyouzwa kando ya barabara, vizuri kwa macho, havifai kwa mmea huu. Chungu cha udongo wa kuchoma, au ndoo ya plastiki yenye matundu manane ya upana wa kidole chini. Azalea haina majivuno, ndoo ya rangi iliyosuguliwa inamtosha.

Cha kujaza: msonobari tunao, mashamba ya miti ya Buhindi kule Buchosa na Rubya kule Ukerewe yanaupanda. Mpasua mbao anaona maganda ni takataka, muombeni. Yapondeni yawe vipande visivyozidi ukucha wa kidole gumba, yalundikeni yakiwa na unyevu miezi mitatu hadi minne, maana yakiwa mabichi yanamnyang'anya mmea naitrojeni. Chukua ndoo mbili za maganda hayo. Ongeza ndoo moja ya vumbi la makumbi ya nazi, lakini lioshe mara tatu kwanza, huwa linakuja na chumvi. Halafu nusu ndoo ya chenga za kokoto, zile ndogo kama punje za mtama. Mawe yetu hapa yanatusaidia, granite haina chokaa. Mchanga wa ufukweni ambao una vipande vya makombe na konokono uacheni ufukweni. Pumba za mpunga mbichi zinaweza kuchukua nafasi ya kokoto, za kuchoma hapana, zina majivu. Mboji ya gugumaji nayo peleka kwenye mchicha.

Anayepanda ardhini kwenye luseni atengeneze tuta la sentimita 30 kwenda juu, nusu udongo, nusu maganda hayo. pH ikisoma 6.5, salfa ya unga gramu 40 hadi 50 kwa mita moja ya mraba, ichanganye, subiri miezi miwili au mitatu huku udongo una unyevu, pima tena ndipo upande. Siki ya kumwagia? Inafanya kazi siku chache, kisha chokaa inarudi kukaa kwenye kiti chake. Na machicha ya kahawa, ndugu zangu wa kutoka Bukoba mnisamehe, uchachu mwingi mlishaunywa kikombeni.

Kupanda. Hapa ndipo ninapotaka mrudie pamoja nami: usizike shina! Tena: usizike shina!

Mizizi ya azalea ni kama nywele, myembamba, imejazana kwenye sentimita 15 hadi 30 za juu. Haina mzizi wa kwenda kutafuta maji chini kama mwembe. Kazi zote inafanyia juu. Ukiizika imekosa hewa. Wazee wetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni jembe lisimkaribie kabisa! Ukipalilia kwa jembe chini yake umekata nusu ya mizizi asubuhi moja. Nyasi zing'oe kwa mkono.

Toa mmea kwenye kopo. Zamisha bonge la mizizi ndani ya ndoo ya maji mpaka mapovu yakome, kama nusu saa. Msiruke hatua hii. Bonge lililokauka halinywi, maji yanateleza pembeni kama kwenye manyoya ya bata, wewe unaona udongo wa nje umelowa na mmea unakufa kiu katikati ya maji. Kisha chukua kisu, chana pembeni mara tatu au nne, kina cha sentimita moja hivi, ufungue ile mizizi iliyojizungusha. Mnaona huruma? Mizizi iliyojizungusha itaendelea kujizungusha, na mwakani ukiung'oa utatoka na umbo la kopo.

Shimo liwe na kina cha bonge, lisizidi, na upana mara mbili au tatu. Bonge likae limechomoza sentimita 3 hadi 5 juu ya ardhi. Tandaza sindano za msonobari au maganda, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina. Mahali? Upande wa mashariki wa nyumba: jua la asubuhi kwa muda wa saa tatu au nne, mchana kivuli, na kizuizi cha upepo wa ziwani, maana unakausha majani. Chini ya mwembe hapana, giza na mizizi yenye njaa.

Maji sasa, na hapa kuna mtego. Mtu anatoka kazini jioni, anakuta azalea imelegea, majani yananing'inia. Anamwagilia. Asubuhi imelegea zaidi. Anamwagilia. Siku ya tano anaalika majirani waje kuona jua la Mwanza lilivyo katili. Angechomeka kidole kwenye udongo angekuta tope. Mmea ulilegea kwa sababu mizizi imeoza, haiwezi kunywa. Mizizi mizima ni myeupe ukiikwaruza, iliyooza ni ya kahawia na gamba lake linavuka kama soksi. Kwaruza gome la shina pale chini: ukikuta wekundu wa kahawia badala ya kijani, kiumbe anayefanana na kuvu, aitwaye fitofithora, ameshapanda juu. Huo ng'oeni, mchome, na mahali hapo msipande azalea nyingine. Dawa ya kumfufua hakuna.

Basi kidole kwanza, kopo la maji baadaye. Sentimita mbili za juu zikikauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Zikiwa na unyevu, kaa chini unywe chai yako. Juni hadi Septemba chungu kinaweza kutaka maji kila siku, masika kinaweza kukaa wiki. Maji bora ni ya mvua ya paa la bati, yaliyotunzwa kwenye tangi la plastiki. Tangi la saruji, mmeshajua. Maji ya kisima yapimeni kwa birika: kama linaota ukoko mweupe ndani, hayafai.

Mbolea ni SA, yaani salfeti ya amonia. Kijiko kimoja cha chai ndani ya lita 10, mara moja kwa mwezi wakati inachipua, juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Ukizidisha unaichoma ile mizizi ya nywele. Kupogoa ni mara tu maua yanapokwisha. Ukingoja miezi mitatu unakata matumba ya mwakani. Na ukiona majani yamefifia juu kama yamenyunyiziwa vumbi jeupe, ligeuze jani: vitone vyeusi kama lami na wadudu wadogo wa mbawa za lesi. Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, nyunyiza chini ya jani, jioni, rudia baada ya siku saba. Wanapenda mimea iliyoachwa kwenye jua la mchana.

Kabla sijakaa, mbuzi. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita jeshi la Wagiriki lilikuwa linarudi kwao kupitia pwani ya Bahari Nyeusi. Wakakuta mizinga, wakala asali. Xenophon, aliyekuwa mmoja wa viongozi wao, ameandika kwamba waliolamba kidogo walikuwa kama walevi, waliokula sana kama wenda wazimu, wamelala chini kama waliopigwa vitani. Hakufa mtu, siku ya tatu na ya nne wakaanza kuinuka. Wataalamu wanasema ni nekta ya rododendroni za kule. Sumu hiyo imo kwenye azalea yako: majani, maua, vyote. Askari waliinuka, mbuzi aliyekula matawi uliyopogoa anaweza asiinuke. Anatoka mate, anatapika, anayumba. Kwa hiyo matawi yote yafukiwe au yachomwe, yasitupwe nje ya geti wanakopita mbuzi wa jirani. Na watoto wafundishwe kutonyonya maua yake.

Nimeona wengine mmekuja na udongo kwenye mifuko, vizuri sana. Pale mezani kuna bilauri na chupa ya siki. Weka vijiko viwili vya udongo mkavu, mimina siki, inamisha sikio. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa, na azalea yako itakaa kwenye ndoo. Ukinyamaza, bado hatujui kama ni mchachu, kwa hiyo usiondoke: pembeni kuna karatasi za litmasi na kipimo cha pH, tutapima mmoja mmoja. Wenye udongo wa kutoka chini ya ukuta mpya waanze, maana nina hakika hao ndio tutakaowasikia wakichemka.